Tuanze na nani?

Saratani ya umio haina haraka ya kujitangaza. Umio hutanuka, kwa hiyo mtu huendelea kumeza ndizi na maharage huku uvimbe ukikua. Siku anapoanza kusukuma kila tonge kwa maji, njia imekwisha kuziba kwa sehemu kubwa. Saratani ya tumbo nayo hujificha nyuma ya jina lililozoeleka Bukoba na Muleba hapa mkoani kwetu, vidonda vya tumbo: dawa ya kupunguza asidi inanunuliwa dukani, maumivu yanatulia, miezi inapita. Wanaodai watu wapimwe kabla hawajaugua wana hoja. Huko Cixian, China, wanavijiji wa miaka 40 hadi 69 waliitwa kufanyiwa endoskopia, yaani kuingiziwa mpira wenye kamera kooni, mara moja tu, umio ukinyunyiziwa iodini ili penye kasoro paonekane. Karibu nusu ndio walioitika. Hata hivyo, baada ya miaka 10 vifo vya saratani ya umio vilikuwa 3.35 kwa kila watu 100 katika vijiji hivyo, na 5.05 katika vijiji vya kulinganisha.

Je, ushahidi huo watosha kutupeleka mtaa kwa mtaa kuanzia Kahororo pale Bukoba? Bado. Kilichookoa watu Cixian ni kuondolewa kwa madoa yaliyoonekana, kazi inayotaka mkono uliozoea na maabara inayosoma kwa wakati vinyama vilivyokatwa kwa uchunguzi. Upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki una nguvu kwa kuwa muuguzi huyohuyo aweza kutibu siku hiyohiyo. Umio hauna siki yake. Atakayekutwa na ugonjwa uliokomaa atahitaji mionzi, pengine hospitali ya Bugando kule Mwanza, na nauli haimo katika tangazo la upimaji wa bure.

Nitajibiwa kuwa watu wanakufa tukisubiri vifaa. Ni kweli, lakini mahali penye mashine moja ya endoskopia, kila mzima anayepangiwa foleni humchelewesha anayekwamwa na chakula. Basi tuanze na waliovuka miaka 40 wanaorudi zahanati mara ya pili kwa kiungulia, kupungua uzito au upungufu wa damu. Huo si upimaji wa umma kwa maana kamili, nakubali. Lakini ndio unaopima uwezo wetu. Kabla mtu yeyote hajaomba fedha za mashine ya pili, hospitali za mkoa huu zitangaze siku zinazopita tangu kinyama kukatwa hadi mgonjwa kupewa jibu.