Studio ya Bombolulu na programu huria

Kuhamisha studio ya muziki ya Bombolulu kwenda programu huria kwenye Linux huanza na kazi zilizokwisha kurekodiwa, si na kompyuta. Kila traki, iwe ya mwimbaji, ya gitaa au ya ngoma za chakacha, hutolewa kama faili la WAV linaloanzia sekunde sifuri, kwani mradi wa programu ya zamani mara nyingi haufunguki vizuri kwingine. Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis, hurekodi na kuchanganya traki nyingi. Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, yafaa zaidi kukata na kusafisha. Ugumu hasa uko kwenye plagini: nyingi za Windows hazifanyi kazi moja kwa moja kwenye Linux, na prodyuza aliyezoea Auto-Tune atanung'unika, tena kwa haki. Kwa upande wa vifaa, kadi ya sauti ya USB isiyohitaji draiva maalumu kwa kawaida haina matata.