Filta ya simu inavyoficha manjano ya mtoto mchanga

Chukua mfano wa mama wa Buseresere, wilayani Chato, aliyejifungua siku nne zilizopita. Baba wa mtoto yuko machimboni Nyarugusu na hajamwona mwanawe. Mama anapiga picha, anaituma kwa WhatsApp, na kwa kuwa dada wa baba ni muuguzi, anamtumia naye: "Wifi, bibi anasema mtoto ana manjano. Hebu mwangalie." Wifi anaangalia, anajibu kwamba mtoto yuko sawa, tena anang'aa.

Wifi hakukosea. Mtoto wa kwenye picha kweli anang'aa. Aliyelala kitandani ndiye mwenye manjano.

Baadhi ya simu hutoka dukani zikiwa na kipengele cha urembo, kile kilichoandikwa "Beauty", kimeshawashwa. Simu ikiona uso, hulainisha ngozi, huiongezea mwanga na wakati mwingine hutia wekundu kidogo mashavuni. Kwa picha ya harusi hakuna tatizo. Kwa mtoto mchanga, kinachofutwa ni rangi ileile ambayo muuguzi anaitafuta.

Wengi wakigundua hilo hujaribu kurekebisha kwa kuweka filta nyingine juu ya ile ya kwanza. Haisaidii. Kila nukta ya picha ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme jicho lenye weupe wa kawaida lina 235, 225 na 225, na lenye manjano lina 235, 225 na 190, yaani bluu imepungua. Filta ikiongeza 70 kila mahali, namba zote zinagonga ukomo wa 255. Macho yote mawili yanakuwa meupe pe, na hakuna filta itakayojua lipi lilikuwa la manjano. Ukiongeza rangi ya joto, utampaka manjano hata mtoto asiye nayo.

Kama picha ilirembwa baada ya kupigwa, huenda ile ya awali bado imo kwenye simu. Hiyo ndiyo ya kutuma. Kama ilipigwa filta ikiwa imewashwa, dawa ni kupiga upya kwa kamera ya kawaida ya nyuma, "Beauty" ikiwa imezimwa.

Hata bila filta, simu bado inakisia. Ikiona sehemu kubwa ya picha ni njano, hudhani taa ndiyo ya njano na kuipunguza. Ndiyo maana mtoto aliyefunikwa blanketi la njano anaweza kuonekana mzima, na aliyelazwa kwenye shuka la bluu akaonekana wa manjano kuliko alivyo. Chini ya turubai la bluu ndiyo kabisa, kila mtu anageuka rangi. Mtoto alazwe kwenye shuka jeupe karibu na mlango au dirisha mchana, si juani, taa ikiwa imezimwa. Kipande cha shuka kionekane kwenye picha: kikitoka cha njano au bluu, picha hiyo si ya kuaminiwa.

Kwa ngozi nyeusi, mahali pa kutazama ni weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Watafiti wa University College London na wenzao wa Ghana walipotengeneza programu ya simu ya kuchunguza manjano, walichagua weupe wa jicho, kwa kuwa hauna rangi ya asili ya ngozi inayoweza kuficha njano. Waliijaribu kwa watoto zaidi ya 300 nchini Ghana. Lakini hiyo ni programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kamera ya kawaida haipimi chochote.

Manjano yenyewe si ajabu. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga huyapata wiki ya kwanza, na wengi hupona bila dawa. Hutokana na bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu ambayo ini changa halijaweza kuyaondoa haraka. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki na ulemavu au uziwi. Kiwango hujulikana kwa kipimo, na tiba ya kawaida ni mwanga maalumu wa bluu hospitalini. Kumwanika mtoto jua la asubuhi, desturi ambayo bibi wengi wanaiamini, hakuchukui nafasi ya tiba hiyo, na siku zinazopotea kwa kuota jua ndizo ambazo bilirubini hupanda.

Basi baba abaki na picha yenye filta, wifi apewe ile isiyo na kitu. Na zipo hali ambazo hata wifi hasubiriwi: manjano yaliyoanza ndani ya saa 24 za kwanza, yaliyofika viganjani au nyayoni, mtoto anayekataa kunyonya, anayelala mno hata kuamka ni kazi, mwenye homa, anayekakamaa au kulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Aliyetimiza siku 14 akiwa bado na manjano naye apelekwe, hata kama ananyonya vizuri, na mama aangalie nepi kabla ya kuondoka: choo kikiwa cheupe kama chokaa, amwambie daktari mara tu wanapofika.