Raha ya Mafichoni: Chuku, Damu na Woga wa Mhakiki

Kuna kauli moja ambayo imekuwa mazoea vinywani mwa wasomi wa fasihi, na ambayo makala haya yamekusudia kuipinga. Mwalimu huulizwa na mwenzake alichotazama mwishoni mwa juma. Hutabasamu, hutazama kando, kisha hukiri kwamba alikesha mbele ya filamu za katuni za Kijapani, zile za mapigano, ambamo vichwa hupasuka na damu huruka kama chemchemi. Kabla mwenzake hajasema neno, huharakisha kuongeza kwamba huo ni upuuzi mtupu, ni raha yake ya mafichoni tu. Wote wawili hucheka, na mjadala huishia hapo.

Ni maoni yetu kuwa mjadala ulipaswa kuanzia hapo. Msemo huu wa "raha ya mafichoni" si hukumu ya kihakiki bali ni njia ya kuikwepa hukumu. Anayeutumia hataki kuitetea kazi aliyoifurahia, wala hataki kuishutumu. Anataka kula mchana wa Ramadhani akiwa amejifungia chumbani, kisha atoke barazani alalamikie kiu pamoja na waliofunga. Tabia hii ingeweza kusamehewa kwa mtazamaji wa kawaida, ambaye hadaiwi maelezo na mtu. Kwa mhakiki, ambaye kazi yake ni kueleza kwa nini kazi fulani inatugusa na nyingine haitugusi, ni utoro kazini.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano mmoja mahususi. Hokuto no Ken, yaani Ngumi ya Nyota ya Kaskazini, iliandikwa na Buronson na kuchorwa na Tetsuo Hara. Ilianza kuchapishwa mwaka wa 1983 katika jarida la Weekly Shonen Jump na kuendelea hadi 1988. Kampuni ya Toei iliigeuza kuwa katuni za televisheni kuanzia mwaka wa 1984, jumla ya vipindi 152 katika mifululizo miwili, na filamu ya sinema ikatolewa mwaka wa 1986. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia, na magenge ya wapanda pikipiki yanapora maji na chakula. Katikati ya jangwa hilo anatembea Kenshiro, mwenye makovu saba kifuani yaliyopangika kama nyota saba za kaskazini. Yeye ndiye mrithi wa sanaa ya kupigana inayolenga vituo vya siri vya mwili. Adui akishaguswa hubaki amesimama akijigamba, asijue kwamba amekwisha kufa. Kenshiro humwarifu jambo hilo kwa sauti ya chini, humpa kisogo, na nyuma yake mwili wa yule adui hupasuka vipande vipande.

Shutuma ya kwanza inayotolewa dhidi ya kazi kama hii ni kwamba imepita kiasi. Wahalifu wake ni majitu yenye vimo visivyoaminika, misuli ya shujaa huvimba hadi ikachana nguo, na vifo vyake havifanani na kifo chochote tukijuacho. Hayo yote ni kweli. Swali letu ni hili: imepita kiasi gani, na kiasi hicho kiliwekwa na nani? Katika tamthilia ya kabuki ya Japani mna mtindo uitwao aragoto, ambao kuasisiwa kwake kunahusishwa na mwigizaji Ichikawa Danjuro wa Kwanza (1660–1704). Shujaa wa aragoto hupakwa mistari myekundu usoni, huvaa mavazi makubwa kuliko mwili wake, hunguruma badala ya kusema, na penye kilele cha kitendo hujikaza ghafla, akakodoa macho, ili hadhira ipate kulinywa tukio zima kwa mtazamo mmoja. Mkao huo huitwa mie. Anayemwona Kenshiro akisimama tuli huku adui akisubiri kupasuka, anaiona mie iliyohamishwa kutoka jukwaani hadi kwenye karatasi na kioo. Vivyo hivyo, mwaka wa 1866 na 1867 wachoraji Yoshitoshi na Yoshiiku walitoa mfululizo wa picha 28 za mauaji, zilizojaa damu kupindukia. Leo picha hizo huhifadhiwa na kuchunguzwa kama sanaa, na hatujamsikia mtaalamu akijificha anapozitazama.

Wala hatuna haja ya kusafiri hadi Japani kutafuta ushahidi. Sisi tunaofundisha tendi za Kiswahili tunaijua vizuri mbinu ya chuku. Utendi wa Tambuka ulioandikwa na Mwengo wa Athumani mwaka wa 1728, na Utenzi wa Ras al-Ghuli wenye zaidi ya beti 4,000, ni bahari za vita. Mashujaa wake hupambana na majeshi yasiyohesabika, na majigambo hutangulia kila pambano. Mwanafunzi akituuliza iwapo mambo yale yaliwezekana, tunamkemea kwa upole kwamba amekosea swali: chuku ya kitendi haipimwi kwa mizani ya uhalisia, bali kwa kazi inayofanya katika utungo. Jibu hilo ni sahihi. Lakini kama ni sahihi asubuhi darasani, kwa nini linakuwa batili usiku sebuleni?

Shutuma ya pili ni kwamba kazi hizi hazina maudhui. Kwamba ukiondoa damu hubakiwi na kitu. Anayesema hivyo hajatazama, au ametazama kwa jicho la mtu anayeona haya. Mapema katika hadithi Kenshiro anakutana na mzee aitwaye Misumi, ambaye amebeba mfuko wa mbegu za mpunga katika nchi ambamo kila mtu anataka kula leo. Mzee huyo anaamini kwamba mbegu zikipandwa, watu hawatalazimika kugombania chakula kesho. Wahalifu wanamuua. Kenshiro anawaangamiza, kisha anazitawanya zile mbegu juu ya kaburi. Je, hili si suala la uhusiano wa njaa, wakati na maadili, ambalo tungelisifu laiti tungelikuta katika riwaya? Tena yuko Toki, ndugu wa shujaa, aliyeathiriwa na mnururisho wa nyuklia kwa kuwa aliwaachia wengine nafasi katika handaki la kujisalimishia. Toki anatumia sanaa ile ile ya vituo vya mwili kuwatibu wagonjwa. Mkono unaopasua na mkono unaoponya umefunzwa na mwalimu mmoja. Waandishi waliozaliwa katika nchi iliyopigwa mabomu ya atomiki mwaka wa 1945 wanapotunga hadithi ya namna hiyo, mhakiki hana ruhusa ya kusema kwamba hakuona kitu ila damu.

Hapa inanibidi nilete ushuhuda ambao haunipendezi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea pendekezo la tasnifu linganishi kuhusu mwili na kifo cha shujaa. Upande mmoja aliuweka Utenzi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa mwaka wa 1913. Upande wa pili akaiweka Hokuto no Ken. Hoja yake ilikuwa dhahiri. Liyongo hauawi kwa silaha yoyote ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ndiyo inayouendesha msuko wote. Souther, mmoja wa maadui wakubwa wa Kenshiro, haathiriwi na vituo vya siri kwa kuwa moyo wake uko kulia na vituo vyake vimepinduka; pambano zima ni msako wa siri hiyo. Liyongo anakufa akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Raoh, kaka yake Kenshiro, anakufa wima, ngumi yake ikiwa imeelekezwa mbinguni. Mwanafunzi yule hakudai kwamba Wajapani walituiga wala sisi kuwaiga wao. Aliuliza tu: kwa nini jamii mbili zilizo mbali hivi humnyima shujaa wao heshima ndogo ya kuanguka?

Swali hilo lilistahili miaka miwili ya utafiti. Jopo lililikataa kwa muda usiozidi dakika kumi. Haikutajwa nadharia, wala upungufu wa data, wala kasoro ya mbinu. Mjumbe mmoja alisema, "Hizi ni katuni," wengine wakatikisa vichwa. Jioni hiyo hiyo mjumbe yule alinisimamisha penye ngazi akaniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, iwapo ninayo sehemu inayofuata ya ile filamu niliyomwazima. Ningeweza kumcheka, lakini mimi nami nilikuwa ndani ya chumba kile. Nilikuwa nimezitazama katuni hizo tangu ujana wangu, nilijua kwamba mwanafunzi amesema kweli, na nilinyamaza. Aliandika tasnifu juu ya mada nyingine, mada safi isiyomtia mtu aibu, na aliiandika kama mtu anayelipa deni la marehemu. Hiyo ndiyo gharama ya raha ya mafichoni: sisi tunaificha, na mwanafunzi ndiye anayeilipia.

Shutuma ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo haiwezi kujibiwa kwa kuita mashahidi kutoka kabuki. Inasemwa kwamba kufurahia damu ni jambo la aibu lenyewe, iwe ni chuku au la. Plato katika Jamhuri anatusimulia habari za Leontius, aliyeiona mizoga ya watu waliouawa na mnyongaji nje ya kuta za mji. Alitamani kutazama na papo hapo akajichukia; akajizuia, akafunika uso, mwishowe akashindwa, akaikimbilia huku akiyalaani macho yake mwenyewe. Tunakubali kwamba Leontius yumo ndani ya kila mtazamaji wa filamu hizi. Hatukubali kwamba kila anachokiona ni mzoga.

Ni hapa ambapo uhakiki unahitajika zaidi. Katika Hokuto no Ken kifo cha mhalifu ni chuku iliyochanganyika na kichekesho: uso huvimba mithili ya kibofu, na mwenye kufa hutoa sauti za ajabu ambazo watazamaji wa Kijapani wamezikariri kama utani. Katika televisheni miili iliyopasuka ilioneshwa kwa vivuli na mwanga tu, na taathira haikupungua, kwa sababu haikutegemea nyama iliyochanika bali ule mpangilio wa kungoja na kutimia. Sasa linganisha na Ninja Scroll, filamu ya Yoshiaki Kawajiri ya mwaka wa 1993. Ni kazi yenye ustadi mkubwa wa uchoraji na mwendo. Lakini mna onyesho ambamo jitu lenye ngozi ya jiwe linamdhulumu kimwili mwanamke aitwaye Kagero, na macho ya filamu yanakaa juu ya mwili wake kwa subira, kana kwamba mtazamaji amealikwa kushiriki pamoja na mdhalimu. Hiyo si chuku, wala haina kichekesho, wala haituambii jambo juu ya Kagero ambalo sumu aliyolazimika kuionja maisha yake yote haikuwa imekwisha kutuambia.

Kwa hiyo aibu ipo, na ina mahali pake. Hata Hokuto no Ken haijanusurika: wanawake wake aghalabu ni wa kutekwa na kuliliwa, na Mamiya, anayeshika silaha kukilinda kijiji chake, anashinikizwa na Rei aziweke chini aishi kama mwanamke. Haya ni makosa ya kutajwa waziwazi. Lakini tazama msemo wetu unavyoyatendea. Anayesema "raha ya mafichoni" hulifunika kwa blanketi moja kaburi la mzee Misumi na dhuluma aliyotendewa Kagero. Kazi iliyostahili utetezi hunyimwa utetezi, na onyesho lililostahili lawama hupata hifadhi, kwa sababu kila kitu kimekwisha kukirimiwa aibu kwa jumla na hakuna anayedaiwa maelezo zaidi. Kukiri kosa kabla ya kuulizwa ni njia kongwe ya kuzuia uchunguzi.

Wapo watakaosema kwamba watoto wataiga. Hofu ya wazazi ni halali, na mtoto wa miaka sita hafai kuwekwa mbele ya filamu ya Kawajiri. Lakini swali la nani atazame, na katika umri gani, ni tofauti na swali la kazi hii ni nini na inafanyaje. Anayejibu la kwanza akadhani amelijibu la pili amekwepa kazi yake.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba tuliwahi kupita njia hii. Riwaya za kijasusi kama Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) zilisomwa na maelfu huku wahakiki wengi wakizipa jina la fasihi pendwa na kuzipita, kana kwamba kupendwa ni ugonjwa. Tulichelewa kuzihakiki, na kwa kuchelewa hatukuzisaidia zile nzuri wala hatukuzizuia zile mbovu. Wasomaji walibaki bila mwenzi wa kujadiliana naye.

Makala haya hayaombi katuni za Kijapani ziingizwe katika silabasi kesho asubuhi. Yanaomba jambo dogo na gumu zaidi. Mhakiki anayefurahia kazi aseme kwamba ameifurahia, kisha aonyeshe ilivyomfurahisha. Na penye kumchukiza, aonyeshe palipomchukiza na kwa nini. Asiyeweza kufanya hivyo na akae nyumbani atazame, hatumnyimi. Ila asije kesho kwenye jopo kumnyima mwanafunzi swali ambalo yeye mwenyewe aliogopa kuliuliza.