Kujitegemea Hakuanzi kwa Nyundo

Upo mjadala ambao hausikiki sana katika mikutano ya hadhara, lakini husikika kila siku mahali palipo na gari lililoinuliwa kwa jeki. Mwenye gari hujiuliza: je, krosi jointi iliyokwisha niibadilishe mwenyewe uani kwangu, au nilipeleke gari gereji nikalipe? Swali hili laonekana dogo, la bolti na grisi. Hata hivyo ndani yake mna mambo mawili ambayo hatuna budi kuyapambanua: maana ya kujitegemea, na wajibu wa mtu aliyekabidhiwa roho za wenzake.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Lori, basi na pikapu nyingi hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma kwa mhimili mrefu uitwao propela shafti. Gari lipitapo juu ya mashimo, ekseli ya nyuma hupanda na kushuka, na pembe ya mhimili hubadilika nayo. Krosi jointi ndiyo inayouwezesha mhimili huo kuendelea kuzunguka hali umepinda. Ni msalaba mdogo wa chuma wenye ncha nne, na kila ncha imevikwa kikombe chenye beringi za sindano. Asili yake ni ya kale: katika lugha nyingi chombo hiki kingali kinaitwa kwa jina la Mwitalia Girolamo Cardano wa karne ya 16, na Mwingereza Robert Hooke alikieleza katika karne ya 17. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya aina iliyofaa kwa magari.

Krosi jointi haifi ghafla bila kutoa taarifa. Hugonga pale dereva anapotia gia ya kurudi nyuma. Hutetemesha sakafu ya gari mwendo uongezekapo. Nayo huacha vumbi jekundu la kutu kandokando ya vikombe vyake. Anayepuuza dalili hizo anacheza na hatari. Jointi ya mbele ikikatika gari likiwa mbioni, mhimili huanguka na kuchoma barabara kama mkuki. Yakatikapo maungio hayo katika mteremko kama ule wa Kitonga, injini haiwezi tena kulizuia gari. Na yapo malori ambayo breki yake ya mkono hushika mhimili huo huo: mhimili ukienda, breki hiyo nayo imekwenda.

Wanaosema "fanya mwenyewe" wana hoja, na insafu yataka tuitaje. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kutegemea nguvu zetu, na Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka huo huo, ilikataa mwanafunzi wa vitabu asiyeweza kutumia mikono yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikakosekana, madereva wengi walilazimika kuwa mafundi. Mtu aliyeko mbali na mji hawezi kungojea gereji imfuate. Tena fedha anayoiokoa ni karo ya mtoto wake.

Lakini kazi hii ina masharti yake, na chuma hakijali nia njema ya mtu. Mhimili uliopinda hauzunguki kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Jointi ya pili imewekwa ili kuifuta kasoro ya ile ya kwanza, nayo huweza kufanya hivyo ikiwa tu nyuma za mhimili zimelingana. Kwa hiyo kila kipande hutiwa alama kabla hakijafunguliwa. Anayesahau alama, akarudisha meno mahali pasipo pake, atanunua mtetemo mpya kwa jasho lake mwenyewe. Vilevile, sindano moja ikianguka ndani ya kikombe wakati wa kukigonga kwa nyundo, kikombe hakikai sawasawa, na pete ya kukifungia haiingii. Asiyejua huongeza nyundo, akapinda uma wa mhimili. Akaharibu cha thamani kubwa kwa ajili ya kuokoa cha thamani ndogo.

La kutisha zaidi ni hili: mhimili ukishafunguliwa, gia haiyashiki tena magurudumu ya nyuma. Gari lililosimama mtelemkoni bila kabari litamwendea aliyelala chini yake. Na jeki peke yake si nguzo ya kumlinda mtu.

Je, basi, jawabu ni kulipeleka gari gereji na kulala usingizi? La hasha. Ziko gereji zisizo na presi wala jiliwa, ambazo nyundo ndiyo chombo chao cha kwanza na cha mwisho. Wako mafundi wanaoipaka grisi jointi ya zamani na kuiuza kwa mteja kuwa ni mpya. Viko vipuri bandia vilivyofungwa katika maboksi ya kupendeza, na ni wajibu wa Tume ya Ushindani kuvisaka bila kuchoka. Mteja asiyejua lolote ni windo la watu hao. Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hapo ndipo ilipo faida ya kila mwenye gari kuijua kazi hii, hata asipoifanya kwa mkono wake.

Kwa maoni yetu, njia iliyo sawa ni hii. Mwenye gari lake binafsi, aliye na jiliwa, soketi, stendi imara na kabari, tena aliyekwisha kuifanya kazi hii chini ya macho ya fundi, na aifanye. Asizuiwe, bali apongezwe. Asiye na vitu hivyo aende gereji, na aende amefumbua macho: aombe kuoneshwa jointi ya zamani iliyotolewa na boksi la mpya, auzungushe mhimili kwa mkono kuona kama unakwama, adai risiti. Ama chombo cha abiria, hicho kisifunguliwe na dereva chini ya mwembe ili kuwahi safari ya jioni. Abiria aliyelipa nauli ameweka amana, na amana hairejeshwi kwa kubahatisha. Mwenye basi anayebana fedha ya fundi anaibana shingo ya mtu mwingine.

Mafundi wetu wa mitaani nao wasibezwe. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Na waende wakapimwe. Presi ambayo fundi mmoja hamudu kuinunua, mafundi kumi katika ushirika wataimudu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Viongozi wa kata na wawasaidie vijana wa gereji kuunda vikundi vinavyostahili mikopo hiyo, badala ya kuwafukuza tu kandokando ya barabara.

Azimio halikumfundisha mtu kujifungia uani kwake na kufanya kila kitu peke yake. Lilizungumza juu ya watu wanaotegemeana kwa kazi iliyo halali: mkulima, dereva, mwalimu na fundi. Kumlipa fundi hodari ujira wake ni kujitegemea kwa taifa. Na kujua alichokifanya fundi huyo ni kujitegemea kwa raia. Tukiyashika yote mawili, nyundo itapata mahali pake, na abiria atafika kwake.