Wasomaji wa bure hawako: kuna mutu anayelipa

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Uvira na kwingine kote, wazazi wetu, ninyi wote munaohesabu mega kabla ya kufungua picha moja kwenye simu:

Kuna neno linazunguka katika miji yetu, nasi tumeamua kulijibu wazi. Neno lenyewe ni "wasomaji wa bure". Wenye kulileta wanajua wa kumupelekea: sisi tuliomaliza chuo kikuu, tuko na lisanse ndani ya bahasha, na kila asubuhi tunaulizwa nyumbani, "Leo unaenda wapi?" Wanatuambia: fungua blogu, andika makala, tupa linki katika kila grupu, watu watakuja kwa maelfu bila wewe kutoa hata franga moja, kisha matangazo yatakuletea dola. "Mushare tu, pesa itakuya." Na somo hilo la bure, wao wanaliuza kwa pesa.

Tunasema: apana. Haiko bure. Anayelipa yuko, na leo tunamutaja.

Wa kwanza kulipa ni musomaji. Fikirieni mama anayeuza mboga soko la Virunga. Amenunua mega za siku moja ili aongee na mutoto wake aliye mbali. Linki inaingia: "HARAKA! Ona kilichotokea sasa hivi!" Anabonyeza. Anakuta matangazo juu, matangazo chini, picha nzito katikati, na mistari mine isiyosema kitu. Mega zimekwenda. Mutakumbuka kodi ya RAM iliyoletwa mwaka 2020, ilivyokuwa inakata krediti kwenye simu zetu bila kutuuliza. Raia walikataa, wakapiga kelele, mpaka ikaondolewa 2022. Walikataa kwa nini? Ju si haki kumukata mutu pesa bila kumupa kitu. Sasa kichwa cha uongo kiko na tofauti gani? Hiyo nayo ni RAM, ila ndogo, na anayeikata ni kijana wa avenue yetu.

Wa pili kulipa ni kijana mwenyewe anayeandika. Kuna wenye saiti wanaomwambia mwenye diplome: andika makala tatu kwa siku, uzisambaze katika grupu zote unazozijua, kwa mega zako mwenyewe. Mukataba haupo. Mushahara haupo. Akiuliza, anaambiwa, "Unajenga jina." Jina halinunui unga. Na yule anayejaribu peke yake hajaambiwa hesabu yote. Matangazo ya Google hayalipi mpaka akaunti ifike dola 100. Kabla ya hapo, ikifika dola 10, Google inatuma namba ya kuhakikisha makao kwa barua ya posta. Kwa posta! Nani kati yetu anangoja mutu wa posta mbele ya mulango? Tena watangazaji hawalipi bei moja kwa kila musomaji: anayefungua ukurasa akiwa Butembo analetea mwenye saiti pesa kidogo sana kuliko anayeufungua akiwa Marekani. Hayo hayasemwi siku ya somo. Siku hiyo wanaonyesha picha ya akaunti yenye dola nyingi, basi.

Wa tatu kulipa ni ukweli, na hapa ndipo tunakasirika zaidi. Katika inchi yetu kichwa cha habari hakiko muchezo. Kati ya 2018 na 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 huku mashariki, na uvumi ulisaidia ugonjwa: watu walikimbia vituo vya matibabu, wauguzi wakashambuliwa. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, kisha sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Watu walishika barabara ya Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Siku kama hiyo, mutu anayeandika "Volkano ya pili imeanza!" ili apate wageni elfu moja kwenye blogu yake anaweza kumupeleka mama na watoto kwenye barabara isiyofaa. Halafu mumwite "mwandishi"? Mwaka 2019 WhatsApp yenyewe ilipunguza: ujumbe mumoja unaupeleka mbele kwa watu ao grupu tano tu kwa mara moja. Waliona uvumi unavyoua. Sisi tunaokaa katika vita na magonjwa tungekuwa wa kwanza kuona.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba ujanja huo hata haufanyi kazi. Google ilipoanza 1998, ilihesabu linki kama kura: ukurasa unaotajwa na wengi unapanda juu. Wajanja wakaanza kuiba kura, wakibandika linki zao chini ya kila makala ya watu. Mwaka 2005 Google, Yahoo na MSN wakakubaliana juu ya alama inayofanya linki kama hizo zisihesabiwe. Mwaka 2011 Google ikaanza kushusha saiti zenye makala nyingi zisizo na maana. 2012 ikafuata wenye kupanga linki za uongo. 2024 ikaongeza kanuni juu ya makala zinazotengenezwa kwa wingi ili kudanganya tu. Facebook nayo ilitangaza 2016 kwamba inashusha vichwa vyenye kuficha habari ili mutu abonyeze. Kwa hiyo somo linalouzwa leo katika miji yetu ni maiti iliyopakwa mafuta. Neno letu la Kiswahili linajua mambo haya tangu zamani: "bure" ni kitu kisicholipiwa, na tena "bure" ni kazi isiyo na faida. Wageni wa namna hii ni bure kwa maana ya pili.

Musitusikie vibaya. Hatusemi vijana waache kuandika. Hatusemi ni haya kutangaza makala yako. Makala isiyotangazwa ni kama barua iliyobaki mufukoni. Tunasema kuna njia safi, na njia hiyo ni ya polepole.

Anza na swali ambalo watu wanauliza kweli. Mufano: sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mutoto aliyezaliwa, na ni bure, lakini wazazi wengi hawajui. Andika makala juu ya jambo hilo, kwa Kiswahili cha kwetu: ofisi gani ya komini, karatasi gani, ufanye nini ukiombwa pesa. Weka kichwa kinachosema ukweli wote: "Kuandikisha mutoto: siku 90, bila kulipa". Punguza picha, ukurasa ufunguke kwenye simu ndogo. Unapoutuma katika grupu, andika mistari mitatu yenye jibu lenyewe, ili asiye na mega naye afaidike. Anayetaka zaidi atabonyeza. Tuma mahali ambapo jambo hilo linahusika, si katika grupu ya kwaya na ya mazishi. Omba ruhusa kwa musimamizi. Watu wakiuliza, rudi ujibu. Taja linki za wengine walioandika vizuri, hata kama hawakutaji. Makala kama hiyo haitaleta elfu moja leo. Lakini mwaka ujao, mutoto mwingine akizaliwa, baba yake atatafuta, na ataikuta.

Kwa hiyo tunadai:

Wenye kuuza masomo ya "wasomaji wa bure": onyesheni hesabu yote mbele ya kupokea pesa ya kijana asiye na kazi, pamoja na zile dola 100 na ile barua ya posta.

Wenye saiti: anayekuandikia na kukutangazia ni mufanyakazi. Mulipe, ao angalau mulipie mega zake.

Wasimamizi wa grupu: linki isiyo na maelezo, yenye "HARAKA" na "ONA", itolewe. Haihitaji mukutano.

Na sisi vijana: tusome mbele ya kusambaza. Hatukusoma miaka mitano chuoni ili tuwe mikono ya kubeba uongo wa mutu mwingine, tena kwa mega zetu.

Kukosa kazi si kosa letu. Serikali itajibu juu ya hilo, na hatutaacha kuiuliza. Lakini njaa yetu haitupi ruhusa ya kuiba dakika na franga za mama wa soko la Virunga. Yeye pia hana mushahara.

Musomaji si mawindo. Ni raia. Tumupe kitu ao tumuache na mega zake.