Si Kila Tumbo Linalouma ni Chango

Mtoto wa shule katika kata ya Itaka, mkoani Songwe, huamka mzima, kisha ghafla akashika kitovu, uso ukampauka, akakataa chakula na kutapika. Mzazi humpa dawa ya chango. Akipimwa malaria na minyoo, haonekani na kitu. Kesho yake anacheza mpira, na mwalimu humhesabu kuwa mtegaji. Baada ya mwezi, maumivu hurudi.

Mtoto huyo si lazima awe mwongo. Upo ugonjwa uitwao kipandauso cha tumbo, ndugu wa kile cha kichwa. Mwongozo wa mwaka 2018 wa Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa waeleza kuwa maumivu hukaa katikati ya tumbo kwa saa 2 hadi 72, yakiandamana na angalau mawili kati ya haya: kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya chakula na kupauka. Yawe yametokea si chini ya mara 5, na katikati yake mgonjwa awe mzima kabisa. Watoto wengi wa namna hiyo, wakikua, maumivu huhamia kichwani.

Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Hutambuliwa kwa maelezo, baada ya magonjwa mengine kuchunguzwa. Kwa watu wazima ni nadra, hivyo wao wachunguzwe kwa makini zaidi. Homa, damu katika choo, matapishi ya kijani, kukonda, au maumivu makali chini ya tumbo upande wa kulia ni dalili za kukimbilia hospitali bila kuchelewa.

Tunawasihi wazazi waandike tarehe za maumivu na yaliyotangulia: njaa, kukosa usingizi, safari ndefu au hofu ya mtihani. Mtoto apumzishwe mahali penye giza na utulivu, na apewe dawa kwa ushauri wa mganga. Walimu nao waweke fimbo chini.

Viongozi wa afya, Bara na Visiwani, hawana budi kukumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya masomo. Elimu hii nayo yaweza kupita njia hiyo hiyo, tangu Itaka hadi Micheweni. Na tabibu wa zahanati afundishwe kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa. Kumsikiliza mtoto hakuhitaji fedha za kigeni.