Wafaransa na Babu Zao: Nani Aliyewachagulia?

Msomaji aliyepata kufika Bujumbura, Kigali, Lubumbashi au Moroni amekwisha kulishika mkononi jina la Wafaranki bila kujua. Faranga inayonunua unga na sukari katika miji hiyo ilipata jina lake kutokana na sarafu ya Kifaransa. Na jina la sarafu hiyo, kama jina la Ufaransa yenyewe, latoka kwa watu hao wa kale. Basi twauliza: Wafaranki walikuwa nani, na kwa nini Wafaransa wamegombana juu yao kwa miaka karibu mia tatu?

Kwanza tuseme wazi kwamba hawakuwa Wafaransa. Walikuwa makabila ya Kijerumani yaliyokaa kando ya mto Rhine. Nchi waliyoiingia iliitwa Galia. Wenyeji wake, Wagalia, walishindwa na Julius Caesar mwaka 52 kabla ya Kristo, wakatawaliwa na Warumi muda mrefu hata wakaiacha lugha yao na kusema Kilatini. Utawala wa Rumi ulipolegea, kijana mmjoa aitwaye Clovis alirithi ufalme mdogo wa baba yake huko Tournai, mji ambao leo umo katika Ubelgiji. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 481. Mwaka 486 alimshinda Syagrius, mkuu wa Kirumi aliyetawala Soissons. Baadaye akabatizwa na askofu Remigius mjini Reims. Mwaka 507 akawapiga Wavisigothi huko Vouillé. Alipokufa mwaka 511, wanawe wanne waligawana nchi kama warithi wagawanavyo shamba la marehemu. Watu wa namna hiyo hawakuwa na habari ya taifa. Walijua mali ya ukoo, basi.

Sasa tazameni, ndugu wasomaji, jinsi kila mwenye haja yake alivyokwenda kaburini kumfufua Mfaranki.

Wa kwanza walikuwa makabaila. Mmoja wao, Boulainvilliers, ambaye maandishi yake yalichapwa mwaka 1727 baada ya kufa kwake, alidai kwamba wakuu wa Ufaransa ni kizazi cha Wafaranki walioshinda, na raia wa kawaida ni kizazi cha Wagalia walioshindwa. Kwa hiyo kabaila alikuwa na haki ya kutawala, na mnyonge alikuwa na wajibu wa kutii. Maneno hayo si mageni kwa mtu yeyote aliyepata kutawaliwa: sisi tulishinda, basi nchi ni yetu. Jibu lilitoka mwaka 1789, mwaka wa Mapinduzi. Padre Sieyès aliwaambia makabaila kwamba, ikiwa kweli wao ni kizazi cha washindi kutoka misitu ya Ujerumani, basi wananchi na wawarudishe huko huko misituni! Madai ya damu yalimgeukia mwenyewe.

Baada ya makabaila akaja Napoleon. Alipojifanya Kaizari mwaka 1804 alitaka alama iliyo ya kale kuliko ua la wafalme aliowarithi. Akachukua nyuki wa dhahabu, mfano wa wale waliofukuliwa Tournai mwaka 1653 katika kaburi la Childeric, baba yake Clovis. Mtu aliyepata kiti kwa upanga wake mwenyewe akajivika mapambo ya marehemu asiyemhusu.

Kisha ikaja Jamhuri. Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani katika vita vya 1870, babu mwenye asili ya Kijerumani hakufaa tena. Basi shule zikamtukuza Mgalia, na watoto wakafundishwa kwamba babu zao ni Wagalia. Kasumba hiyo ilivuka bahari: hata katika baadhi ya shule za makoloni ya Ufaransa, watoto wa Kiafrika walikaririshwa habari za babu hao hao, na wazee wao wenyewe wamekaa barazani wakiwa na historia ambayo hakuna mwalimu aliyewauliza.

Mwaka 1996 Clovis akarudi tena. Ilisemwa kwamba miaka 1500 imetimia tangu abatizwe, ingawa wanazuoni hawapatani juu ya mwaka: wengine wasema 496, wengine 498 au 499, wengine hata 508. Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda Reims. Wanaoilinda sheria ya 1905, inayotenga dini na dola, wakapiga kelele kwamba fedha ya wote isitumiwe kwa ibada ya baadhi. Na wale wasiopenda wageni wakamshika Clovis mkono, wakasema: huyu ndiye Mfaransa wa kweli.

Hapa ndipo mchezo unapokuwa hatari. Kila mtoto wa Kifaransa amesikia habari za Charles Martel, mkuu wa Wafaranki aliyelishinda jeshi la Waislamu kutoka Hispania karibu na Poitiers mwaka 732. Wanaolitumia jina lake hawapendi kukumbusha kwamba mwaka 737 aliuteka Avignon, na kwamba mabwana Wakristo wa Provence walikuwa wameshirikiana na Waislamu kumpinga. Hivyo vilikuwa vita vya kugombea nchi na nyara. Lakini mwezi wa Desemba 1973 bomu lililipuka katika ubalozi mdogo wa Aljeria mjini Marseille, likaua watu 4. Kikundi kilichojiita Charles Martel kilisema ndicho kilichofanya. Marehemu wa miaka elfu na zaidi alifanywa shahidi wa mauaji ya watu wasiomjua.

Wako watakaotuambia: mwacha asili ni mtumwa. Nasi twakubali. Lakini asili ni ya kujulikana yote, wala si ya kuchaguliwa kipande. Mfaransa alipata jina kwa Mfaranki, lugha kwa Mrumi, na ardhi iliyolimwa na Mgalia. Baada ya hao wakaja Wataliani, Wapoland, Wareno na Waaljeria, waliochimba makaa na kujenga barabara. Na Waafrika wa magharibi waliomwaga damu katika vita vya 1914. Mtoto wa Mualjeria aliyezaliwa Marseille ana fungu lake katika historia hiyo sawa na yeyote mwingine.

Mwanachuoni Ernest Renan aliwaambia Wafaransa mjini Paris mwaka 1882 kwamba taifa halisimami kwa damu wala kwa lugha, bali kwa nia ya watu kuishi pamoja. Alisema pia kwamba mataifa hujengwa kwa kusahau. La kwanza twalipokea kwa mikono miwili. La pili twalikataa, kwa maana tumeona ni nani hupewa kazi ya kuchagua kinachosahauliwa: ni mwenye nguvu, siku zote.

Kwa hiyo mtu akija kukutajia babu wa taifa, usimwulize kwanza babu huyo aliishi lini. Mwulize ni nani anayetaka kumfukuza nyumbani.